Maswali ya Wasomaji: Anza na Maji, Taa Zitafuata

Barua tulizochagua kwa toleo hili zimetoka kwa wasomaji wanaopanga kujenga vituo vikubwa vya kukuza bangi ndani ya majengo, wakiwa na leseni au wakiwa njiani kuipata. Mhandisi wetu wa majengo ya kilimo anazijibu.

SWALI: Ndugu Mhandisi, salaam. Sisi ni ushirika wenye wanahisa kumi na mmoja. Tumepewa kibali cha awali cha kukuza bangi kwa matumizi ya tiba, na tumepata ghala la zamani ambalo, ukiacha ofisi, stoo na vyumba vya miche, linaweza kubeba mita za mraba 1,000 za mimea iliyo katika hatua ya maua. Msanifu ameshachora ramani, na muuzaji wa taa ameshatuletea hesabu yake. Fundi wa viyoyozi naye anasema atakuja kupima vyumba paa likishakamilika, kama afanyavyo maofisini. Je, utaratibu huu ni sahihi, au kuna jambo tunaliruka?

JIBU: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kuuliza kabla paa halijakamilika, kwa sababu baada ya hapo kila sahihisho lingewagharimu mara mbili. Lipo jambo mnaloliruka, nalo ni maji.

Tufanye hesabu pamoja. Mimea ya bangi iliyokomaa, ikiwa chini ya mwanga mkali, hunywa kiasi cha lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kwa eneo lenu, hizo ni kama lita 5,000 kila siku. Katika maji hayo mmea hubakiza mwilini sehemu ndogo mno, isiyofika asilimia 5, na yote yanayosalia huyatoa kupitia majani yakiwa mvuke. Kwa kuwa jengo lenu litafungwa kila upande ili kuzuia wadudu, harufu na wezi, mvuke huo hauna pa kwenda. Kila lita mtakayoimwagilia asubuhi ni lazima mashine iitoe hewani kabla ya asubuhi inayofuata, na isipoitoa, itajitafutia mahali pa kutua, iwe ni ukutani, darini au ndani ya maua yenyewe.

Kuigeuza lita moja ya maji kuwa mvuke katika joto la kawaida la chumba kunachukua nishati ya takribani kilowati-saa 0.68, ile tunayoiita uniti. Lita 5,000 zitachukua uniti 3,400 kwa siku. Sasa tazameni upande wa taa. Mkitaka mwanga wa mikromoli 1,000 (kipimo cha kiasi cha mwanga unaoufikia mmea) kwa mita ya mraba kwa sekunde, na taa za kisasa za LED zenye kutoa mikromoli 2.8 hivi kwa kila juli ya umeme, yaani wati moja kwa sekunde moja, mtahitaji karibu wati 360 kwa mita ya mraba, yaani kilowati 360 kwa eneo lote, ambazo kwa saa 12 za mwanga ni uniti 4,320. Linganisheni namba hizo mbili. Sehemu kubwa ya nishati mnayoinunua kwa ajili ya taa haibaki chumbani kama joto la kuhisiwa na ngozi, bali inaishia kwenye mvuke.

Hapo ndipo fundi wenu wa maofisini atakapokwama, na simlaumu, kwa maana amefundishwa kupambana na joto. Kiyoyozi cha ofisi husikiliza kipimajoto. Joto likishashuka hadi nyuzi zilizowekwa, hupumzika, na kikipumzika hakikaushi hewa tena. Zamani, taa kubwa za sodiamu zilipokuwa zikitumika, zilitoa joto jingi kiasi kwamba kiyoyozi hakikupata nafasi ya kupumzika, na hewa ikakauka bila mtu kupanga. Taa za LED zimepunguza joto hilo, lakini kiu ya mimea haikupungua. Matokeo yake ni chumba chenye ubaridi wa kupendeza na hewa iliyoloa, na watu wengi hushangaa kwa nini ukungu umeingia baada ya kununua taa bora.

Saa ya hatari zaidi ni ile ya kuzima taa. Hewa yenye joto la nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 60 hubeba karibu gramu 14.6 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Hewa hiyo ikipoa hadi nyuzi 18, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 15.4. Maana yake ni kwamba unyevu umepanda kutoka asilimia 60 hadi asilimia 95 bila tone moja kuongezwa, na mimea yenyewe bado inaendelea kupumua mvuke. Wakati huohuo kiyoyozi kinaona chumba kimepoa na kinazimika.

Niliwahi kusimama katika chumba cha namna hiyo, kwenye kituo ambacho sitakitaja, nusu saa baada ya taa kuzimwa. Tulikuwa na tochi ya kijani ili tusiisumbue mimea. Niliupitisha mkono ukutani ukarudi umelowa, na juu ya kila skrubu ya paneli palikuwa na tone limening'inia. Msimamizi alichagua ua moja nono, lile ambalo mgeni angelipiga picha, akalipasua kwa vidole gumba viwili. Nje lilikuwa kijani safi, lakini katikati palikuwa na kitu cha rangi ya majivu, laini kama pamba iliyolowa. Ni ukungu wa kijivu, Botrytis. Chumba kile kilikuwa kimebakiza siku tisa kuvunwa, na chote kiliteketezwa mbele ya mashahidi. Sijasahau jinsi yule msimamizi alivyolirudisha lile ua kwenye shina lake, kana kwamba lingeweza kushika tena.

Kwa hiyo nawasihi mgeuze utaratibu wenu. Kabla msanifu hajaongeza mstari wowote kwenye ramani, kaeni naye pamoja na mhandisi wa mitambo ya hewa na mkulima mkuu, na mkulima aseme kwa namba ni lita ngapi za maji zitaingia katika kila chumba siku ambayo mimea imefikia ukubwa wa mwisho. Mhandisi naye atoe hesabu mbili kwa kila chumba, moja ya taa zikiwa zimewaka na nyingine ya taa zikiwa zimezimwa. Akiwaletea hesabu moja tu, arudi akaandike ya pili. Mashine nzuri za kukausha hewa huondoa lita 2 hadi 3 kwa uniti moja ya umeme, hivyo kazi hiyo peke yake inaweza kula uniti 2,000 kwa siku, na ni lazima iingie katika maombi yenu ya umeme tangu mwanzo. Transfoma ni kifaa kinachosubiriwa kwa miezi mingi, na mimi nimeona majengo yaliyokamilika hadi rangi yakikaa gizani kwa sababu maombi yalipelekwa yakiwa na hesabu ya taa pekee.

Mkishaijua namba hiyo, mambo mengine hujipanga kwa urahisi. Joto ambalo mitambo ya kupoza hulitupa nje linaweza kurudishwa kuipasha moto kidogo hewa iliyokwisha kukaushwa, ili ukaushaji uendelee hata taa zikiwa zimezimwa bila kukigandisha chumba. Maji yanayokusanywa na mashine, ambayo kwenu yanaweza kuzidi lita 4,500 kwa siku, karibu hayana chumvi kabisa na yanafaa kurudi kwenye tangi la umwagiliaji, mradi yachujwe, yauliwe vijidudu kwa mwanga wa urujuanimno, na yapimwe kama hayakubeba shaba au alumini kutoka kwenye koili. Vyumba vinaweza kugawanywa katika zamu mbili, nusu vikiwa na mwanga mchana na nusu usiku, ili kilowati zote zisidaiwe kwa saa moja. Lakini zamu hizo zinadai giza kamili, kwa kuwa mmea wa bangi hutoa maua kwa kuhesabu saa za giza, na mwanga unaopenya chini ya mlango, au ile nukta ya taa kwenye kidhibiti cha mashine, unaweza kuuvuruga.

Jambo moja msikubali kulijadili hata mkandarasi akisema ni ghali: taa zifungwe pamoja na mfumo wa kupoza kiasi kwamba upozaji ukikatika, taa nazo zizimike zenyewe. Kilowati 360 ndani ya jengo lililozibwa huanza kuunguza majani kabla mlinzi hajapata namba ya simu ya fundi. Halafu kila kundi la mashine liwe na moja ya akiba, iliyounganishwa tayari na yenye kufanyiwa majaribio. Mashine iliyo ndani ya kasha stoo msiihesabu kuwa akiba.

Ikiwa mmoja wa wanahisa ataona gharama hizi za hewa ni za kupita kiasi, mwonyesheni kwamba wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, katika utafiti uliotoka mwaka 2021, walikadiria kuwa kila kilo ya maua makavu ya bangi iliyokuzwa ndani ya majengo nchini Marekani hubeba kilo 2,283 hadi 5,184 za gesi ya ukaa, kutegemea mahali ilikokuzwa, na kwamba udhibiti wa hewa pamoja na taa ndivyo vilivyochangia zaidi. Katika biashara hii, hewa ndiyo gharama kuu.

SWALI: Mheshimiwa, mwekezaji wetu anataka tujenge kwa mara moja mita za mraba 4,000 za mimea, zikiwa katika kumbi nne kubwa, ili gharama ya kuta ipungue. Mkulima wetu mkuu anapinga lakini hana maneno ya kumshawishi. Unashaurije?

JIBU: Mkulima wenu yuko sahihi, na naomba nimpe maneno.

Bangi huchukua kama wiki nane au tisa katika hatua ya maua, na baada ya mavuno chumba huhitaji siku kadhaa za kusafishwa. Tuchukue wiki nane za maua na moja ya usafi. Jengo likiwa na vyumba tisa vinavyolingana, mtavuna chumba kimoja kila wiki: watu walewale, mikasi ileile, kazi ileile kila Jumatatu. Likiwa na kumbi nne, mtavuna robo ya shamba kwa mpigo, mtaajiri vibarua kwa haraka, kisha mtawaaga hadi zamu ijayo. Vyumba vya kukaushia navyo vitahitaji kuwa vikubwa kwa siku chache, halafu vikae vitupu. Kukausha polepole, katika joto la nyuzi 18 hivi na unyevu wa asilimia 55 hadi 60, huchukua siku 10 hadi 14, kwa hiyo kwa mavuno ya kila wiki mnahitaji nafasi ya mavuno mawili, na ya tatu ambayo inasafishwa. Mavuno yanapoingia huko, zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji, na siku mbili za kwanza za kukausha ndizo zenye mzigo mkubwa wa maji kuliko siku zote zinazofuata. Wapangaji wengi hulisahau hilo.

Sababu ya pili ni magonjwa. Ukungu au utitiri ukiingia katika ukumbi mmoja kati ya nne, mmepoteza robo ya mavuno ya mzunguko mzima, sawa na zaidi ya wiki mbili za mauzo. Ukiingia katika chumba kimoja kati ya tisa, mmepoteza wiki moja ya mauzo. Adui anayenitia hofu zaidi haonekani kwa macho, nacho ni kile kiroidi (kijidudu kidogo kuliko hata virusi) cha mmea wa hopi, ule wa kutengenezea bia, ambacho mwaka 2019 kilithibitishwa kuwa chanzo cha udumavu wa bangi huko California. Kinasafiri kwenye makali ya mkasi kutoka mmea hadi mmea, na mmea mama ulioambukizwa unaweza kuonekana mzima huku ukitoa mamia ya vipandikizi vyenye ugonjwa. Kwa hiyo pangeni chumba cha karantini chenye mlango wake na hewa yake, miche mipya ikae humo hadi majibu ya maabara yatoke, na mimea mama isikae kamwe kwenye njia inayopitiwa na mavuno. Mtu aanze siku kwenye vyumba safi na kumalizia kwenye vichafu, asirudi nyuma bila kubadili nguo na viatu. Ramani ikilazimisha watu wavuke korido ya mavuno ili kufika kwenye miche, hakuna tangazo la ukutani litakalowazuia.

Na mkiwa juu ya ramani, chukueni futi mpime milango. Kituo kimoja nilichokikagua kilinunua meza za magurudumu zenye upana wa sentimita 120 kwa milango ya sentimita 90. Kwa miaka yote waliyofanya kazi, kila mmea ulibebwa kwa mikono kupita kizingiti.

Kuhusu kujenga kwa mara moja, mwonyesheni mwekezaji yaliyotokea Kanada, nchi iliyohalalisha bangi kwa watu wazima Oktoba 2018. Kampuni ya Canopy Growth ilitangaza mwezi Machi 2020 kwamba inazifunga nyumba zake mbili za kioo za Aldergrove na Delta, katika jimbo la British Columbia, zenye jumla ya futi za mraba zipatazo milioni 3, na watu wapatao 500 wakapoteza ajira. Soko halikukua kwa kasi ya majengo. Jengeni msingi, njia za mabomba, chumba cha mitambo na laini ya umeme kwa ukubwa wa mwisho, lakini vyumba vya maua viongezwe kwa awamu, na awamu ya pili ianze pale mimea ya awamu ya kwanza itakapokuwa imewapa mizunguko mitatu ya kumbukumbu za kweli: lita zilizotumika, uniti zilizoliwa, kilo zilizouzwa.

SWALI: Ndugu Mhandisi, tunayo leseni na jengo limezungushiwa uzio. Tumemaliza vyumba viwili vya ziada ndani ya uzio huohuo, na wakaguzi wanachelewa. Mshirika wangu anasema Umoja wa Mataifa ulishailegezea bangi mwaka 2020, hivyo tunaweza kupanda huku tukisubiri. Ni kweli?

JIBU: Hapana, msipande.

Mshirika wako ameisikia habari nusu. Tarehe 2 Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliitoa bangi katika Jedwali la Nne la Mkataba wa mwaka 1961 wa dawa za kulevya, lile la dawa zinazohesabiwa kuwa hatari zaidi, lakini iliiacha katika Jedwali la Kwanza, ambalo bado ni la udhibiti mkali. Masharti ya kilimo hayakuguswa. Ibara ya 28 ya mkataba huo inaitaka nchi inayoruhusu kilimo cha bangi ikisimamie kwa utaratibu wa Ibara ya 23, ambao ni wa chombo cha serikali kuteua maeneo na kuwapa leseni wakulima. Kwa hiyo leseni hufuata eneo lililoidhinishwa, na kwa kawaida hufuata chumba kwa chumba kama kilivyo kwenye ramani iliyopelekwa. Mwezi Julai 2019 wakaguzi wa Kanada walibaini kwamba kampuni moja yenye leseni halali ilikuwa imepanda katika vyumba ambavyo vilikuwa bado havijaidhinishwa. Septemba ya mwaka huohuo leseni zake zilisimamishwa. Vyumba vyenu viwili vikae vitupu, mkivitumia muda huu kuijaribu mitambo ya hewa bila mimea, na hiyo ni kazi ya faida kubwa.

SWALI: Mimi ni msimamizi wa chumba cha kukatia na kusagia maua. Vijana watatu wameanza kupiga chafya na kubanwa kifua kila ifikapo mchana, na wikiendi wanapona. Uongozi unapanga upanuzi na umeniomba mapendekezo. Niandike nini?

JIBU: Kwanza, kabla hujaandika lolote, wapeleke vijana hao kwa daktari na umweleze kwamba dalili hutoweka siku za mapumziko. Hiyo ni ishara ya pumu inayotokana na kazi, na mwili ukishazoea kulikataa vumbi fulani, kila siku ya ziada ndani ya vumbi hilo huongeza hatari. Januari 2022 mfanyakazi wa umri wa miaka 27 katika kiwanda cha bangi huko Holyoke, Massachusetts, alizidiwa na pumu akiwa kazini karibu na vumbi la bangi iliyosagwa, akafariki. Dalili zake zilianza miezi kadhaa nyuma, kama za vijana wako. Wasirudi kwenye chumba hicho hadi daktari aseme.

Katika mapendekezo yako, andika kwamba kusaga kufanyike ndani ya kabati lililofungwa lenye kufyonza hewa pale vumbi linapozaliwa, kwa kuwa feni ya darini hulipandisha vumbi puani kabla ya kulitoa. Chumba kiwe na mfumo wake wa hewa usiochanganyika na korido, usafi ufanywe kwa mashine ya kufyonza yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa hata vumbi laini kabisa, badala ya ufagio, na bajeti iwe na kipimo cha mapafu kwa kila mfanyakazi anapoajiriwa na mara kwa mara baadaye. Omba pia nafasi ya kuwahamishia wanaopata dalili bila kupunguziwa mshahara, la sivyo watazificha.

Na kwa kuwa upanuzi utagusa vyumba vya maua, ongeza ukurasa mmoja kuhusu gesi ya ukaa. Wakulima huiongeza hadi sehemu 1,000 au 1,500 kwa milioni ili mimea ikue haraka, wakati kikomo kinachotumika sana kwa zamu ya saa nane ni sehemu 5,000. Gesi hiyo haina harufu, ni nzito kuliko hewa, na mtungi unaovuja huanza kujaza pale anapoinama mtu anayefunga miche. Vipimo vifungwe kwa kimo cha pua ya mtu aliyeinama, valvu ijifunge yenyewe kipimo kikivuka kikomo, na taa nyekundu ya tahadhari iwekwe upande wa nje wa mlango, ili anayekuja kumtafuta mwenzake aione kabla ya kushika kitasa.